Swichi ya Mlangoni

Usiku wa Gando, kijiji cha Pemba, hauna kelele nyingi. Utasikia upepo kwenye minazi, jogoo aliyekosea saa, na mara mojamoja mashine ya boti inayorudi kutoka upande wa kisiwa cha Fundo. Kwa hiyo king'ora cha gari kilipolia saa tisa usiku, mtaa mzima uliamka. Kililia, kikanyamaza, kikalia tena. Mwenye gari, mwalimu mstaafu, alitoka na tochi akalizunguka mara mbili. Vioo vizima, milango imefungwa, hakuna hata alama ya mguu mchangani. Usiku wa tatu alichomoa waya wa betri, na kulipokucha akampigia simu fundi umeme wa magari aliyeko Wete.

Nilikuwa mgeni nyumba ya jirani, nikaenda kutazama. Gari lilikuwa Toyota iliyotumika Japani kabla ya kuvushwa bahari, na king'ora kilikuja nalo kutoka kiwandani.

"Nikatie tu hizo waya, mwanangu," mwalimu alisema. "Huku nani ataiba gari? Atalipeleka wapi?"

"Tusikate, mwalimu," fundi alijibu. "Kwanza tujue kinalalamikia nini."

Akafungua mlango wa dereva, akanionyesha kwenye nguzo yake kidude cheusi chenye kofia ya mpira, kidogo kama ncha ya kidole cha shahada. Mlango ukifungwa, kidude kinabonyezwa ndani. Ukifunguliwa, kinachomoza na umeme unapata njia ya kufika kwenye bodi. Hiyo ndiyo swichi ya mlangoni, na asili yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe.

Mwaka 1853 mchungaji mmoja wa Marekani, Augustus Russell Pope wa mji wa Somerville karibu na Boston, alipata hataza ya kengele ya umeme ya kuzuia wezi. Aliunganisha milango na madirisha ya nyumba na betri. Mlango ukifunguliwa, mkondo wa umeme unakamilika, sumaku inatikisa nyundo, na nyundo inagonga kengele ya shaba. Mwaka 1857 Edwin Holmes alinunua haki za uvumbuzi huo, akaufanya biashara Boston na baadaye New York.

Pope alipopata hataza yake, Sultani Seyyid Said alikuwa bado anatawala Unguja. Alifariki mwaka 1856. Nyumba kubwa za mjini zililindwa kwa komeo, mnyororo na kufuli. Shambani palikuwa na kago, dawa ya kuwatisha wezi, na karafuu zilizoanikwa juu ya majamvi zililindwa kwa macho ya watu. Nikifikiri juu ya vitu hivi pamoja, naona tofauti moja kubwa. Kago humwonya mwizi kabla hajanyoosha mkono. Kengele ya Pope humwacha aguse, kisha huita watu. Inategemea kwamba yupo mtu karibu, na kwamba akisikia atatoka. Gando walitoka wote, usiku wa kwanza na wa pili.

Kengele ya nyumba ilichukua zaidi ya miaka mia moja kufika kwenye gari la michezo kama kifaa cha kiwandani. Mfano ninaoupenda zaidi ni Chevrolet Corvette, gari la Marekani la watu wawili lililoanza kutengenezwa mwaka 1953. Mwaka 1968 lilipopewa umbo jipya, kiwanda kiliweka king'ora kwenye orodha ya vitu vya kuongeza, kwa dola 26 na senti 35. Wanunuzi hawakukikimbilia. Katika magari 28,566 ya mwaka huo, 388 tu ndiyo yaliyotoka nacho. Mwaka uliofuata yalikuwa 12,436. Mwaka 1972 mnunuzi hakuulizwa tena: kila Corvette ilikuja na king'ora.

Namna kilivyofanya kazi inastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu aliyeielewa hiyo ataelewa pia gari la mwalimu. Dereva wa Corvette ya mwaka 1968 alishuka, akafunga milango, akaenda nyuma ya gari. Kati ya taa za nyuma palikuwa na tundu la ufunguo. Akiugeuza, king'ora kimetegwa. Kuanzia hapo, mlango au boneti ikifunguliwa, swichi iliyopo hapo inachomoza na kupeleka umeme kwenye rilei, yaani swichi inayovutwa na sumaku, na rilei inawasha honi.

Rilei hiyo ilikuwa na akili moja ya ziada: ikishavuta, inajishikilia. Mwizi akistuka na kuufunga mlango haraka, honi haijali. Italia mpaka mwenye ufunguo arudi nyuma ya gari na kuuzungusha, au betri iishiwe nguvu. Hapakuwa na kompyuta wala rimoti, ila waya, sumaku na chuma kidogo kinachogusana na chuma kingine.

Kifaa rahisi namna hiyo huugua maradhi mawili tu. Ama kinalia bila sababu, ama hakilii kabisa. Kikilia bila sababu, fundi aanze kwenye swichi, kwa sababu ndizo zinazokaa penye maji, vumbi na mtikisiko. Achomoe moja baada ya nyingine, kila mara akikizima na kukitega upya, na ile ambayo ikichomolewa hakilii tena ndiyo yenye kosa. Kisipolia, aanze upande wa pili: aipe honi umeme wa betri moja kwa moja. Ikilia, honi ni nzima, arudi kwenye rilei. Rilei nayo ikivuta akiipa umeme, arudi kwenye tundu la ufunguo, ambalo kwa kukaa nyuma ya gari hula vumbi la barabara miaka yote na hukwama. Taa ya kujaribia yenye waya mbili inatosha kwa kazi yote hii.

Corvette ina mtego wake mmoja, na hapa wavuvi wa Gando wangewashinda mafundi wengi wa mjini. Bodi ya gari la kawaida ni ya chuma, na chuma chote ni waya mmoja mkubwa wa kurudisha umeme kwenye betri. Bodi ya Corvette ni ya faiba. Faiba haipitishi umeme. Mwenye boti ya faiba anajua kwamba kila taa anayoifunga lazima aivutie waya mbili, wa kwenda na wa kurudi, na kwamba taa ikizima mara nyingi waya wa kurudi ndio uliolegea. Ndivyo ilivyo kwa king'ora cha Corvette. Watu wamebadilisha rilei na honi nzima nzima, kumbe skrubu moja ya waya wa kurudi imeingia kutu.

Yapo pia maradhi ya tatu, na haya huletwa na binadamu. Ukifungua dashibodi ya gari la michezo la zamani, mara nyingi utakuta waya zimekatwa na kufungwa utepe mweusi. Miaka mingi nyuma kuna mtu alichoshwa na kelele akatumia koleo. Simlaumu kwa usingizi wake, lakini naumia kila ninapoona, maana aliyekata alinyamazisha pia taarifa ya kweli juu ya mlango ulioanza kuoza.

Corvette ni gari la Marekani; Afrika Mashariki ililijua gari la michezo zaidi kwa mashindano ya Safari Rally. Datsun 240Z ilishinda mwaka 1971 ikiendeshwa na Edgar Herrmann, na mwaka 1973 ikiendeshwa na Shekhar Mehta, mkazi wa Kenya aliyezaliwa Uganda. Tangu 1970 Nairobi ina maonyesho ya magari mazuri, Concours d'Elegance, ambapo waamuzi hukagua magari ya kila umri, ya zamani yakiwemo. Ni mahali pazuri pa kujifunza kwamba gari lililotunzwa si lile linalong'aa tu.

Baada ya king'ora kikaja kizuizi. Mwaka 1986 Corvette ilipewa ufunguo wenye kipande kidogo cha kupinga umeme, chenye viwango 15 tofauti. Ufunguo wenye kiwango kisicho chake uligeuka kwenye tundu, lakini injini haikuwaka, na gari lilimlazimisha mtu kusubiri dakika kadhaa kabla ya kujaribu tena. Halafu kipande hicho kikawa chipu isiyo na betri, inayopata nguvu kutoka kwenye koili iliyozunguka tundu la ufunguo na kuijibu kompyuta ya gari kwa namba yake ya siri. Umoja wa Ulaya ulikifanya kizuizi cha injini kuwa lazima kwa magari mapya mwaka 1998. Mwizi wa waya mbili za kugusanisha alikwama. Fundi wa taa ya kujaribia naye alikwama pale, kwa sababu ufunguo ukipotea, inabidi atafutwe mwenye mashine ya kuusajili upya.

Swichi ya mlangoni haikuguswa na mabadiliko hayo yote. Kwenye Toyota ya mwalimu inapeleka habari kwa kompyuta badala ya rilei, lakini inachosema ni kilekile cha Pope: mlango uko wazi, au umefungwa.

Fundi alifungua skrubu moja akaivuta nje. Kofia ya mpira ilikuwa imepasuka upande wa chini, mahali ambapo jicho halifiki. Ndani, shaba ilikuwa imegeuka kijani. Alinieleza kwamba mchana jua hukausha na gari hukaa kimya. Usiku umande unashuka, chumvi ya bahari iliyojaa humo inalowana, na umeme unapata kijia chembamba cha kupita. Kompyuta ikaambiwa mlango umefunguliwa. Haikuwa na namna ya kujua kwamba aliyeufungua ni umande.

Alisugua shaba kwa msasa laini mpaka ikawa nyekundu, akapaka grisi, akavisha kofia mpya aliyokuja nayo mfukoni. Kisha akarudisha waya wa betri, akashusha kioo cha dereva, akafunga milango kwa rimoti na kusubiri taa ndogo nyekundu ya dashibodi ianze kupepesa. Akaingiza mkono dirishani kama mwizi, akavuta kitasa cha ndani. King'ora kililia kwa nguvu zote. Watoto waliokuwa wamekaa chini ya mwembe wakakimbia, wakarudi, wakaomba kilie tena.

"Basi, fundi," mwalimu alisema akitoa pesa. "Limepona."

"Mlango huu ndio uliopona, mwalimu. Hii milango mingine mitatu ina umri huohuo na inakula chumvi hiyohiyo."

Adhana ya alasiri ilimkuta akiwa amepiga magoti kwenye mlango wa tatu, bisibisi mkononi. Kofia ya mpira ya hapo nayo ilikuwa imepasuka.