Maswali Waliyoulizwa Mapadre: Mashaka juu ya Imani Katoliki Bagamoyo na Chalinze tangu 1868

Historia ya Kanisa Katoliki katika Tanzania Bara huanza kusimuliwa na msalaba uliosimikwa ufukweni Bagamoyo mwaka 1868, pale Padre Antoine Horner na wenzake wa Shirika la Roho Mtakatifu, shirika la wamisionari lililokuwa na makao yake Ufaransa, walipovuka kutoka Unguja na kufungua misheni nje kidogo ya mji kwa idhini ya Sultani Majid. Masimulizi hayo, ambayo yalirudiwa kwa shangwe katika jubilei ya miaka 150 mwaka 2018, yanaeleza vizuri mambo waliyofundisha wageni hao, lakini yanasema machache mno juu ya maswali waliyoulizwa na wenyeji. Mji wenyewe haukuwa uwanja mtupu, kwa kuwa ulikuwa na misikiti, vyuo vya Kurani, majumbe wa Kishomvi, wafanyabiashara wa Kihindi na Kiarabu, na wapagazi wa Kinyamwezi walioshuka kila mwaka na pembe za ndovu, na watu wa aina hiyo hawakosi la kuuliza wanapoletewa dini mpya. Ukifuatiliwa mkondo wa maswali hayo kutoka Pwani hadi vijiji vya ndani vinavyoitwa leo Chalinze, inaonekana kwamba kwa muda mrefu mashaka makubwa hayakuhusu mafundisho ya Kanisa, bali yalihusu mwenendo wake.

Shaka la kwanza lilitokana na watu wenyewe waliojaza misheni. Wakatoliki wa kwanza wa Bagamoyo hawakuwa waungwana walioongoka kwa mahubiri. Walikuwa watumwa, wengi wao watoto, waliokombolewa kwa fedha, utaratibu ulioanzia Unguja baada ya Padre Armand Fava kufika huko kutoka kisiwa cha Réunion mwaka 1860. Sehemu ya fedha hizo ilitoka kwa Shirika la Utoto Mtakatifu, lililoanzishwa Ufaransa mwaka 1843 ili watoto wa huko wachangie wenzao wa nchi za mbali, nalo ndilo shirika lile lile ambalo watoto wa parokia za Tanzania hulitumikia leo kwa sare na nyimbo, pengine bila kuambiwa kwamba zamani lilinunua watoto sokoni. Waliopinga walidai kwamba anayenunua mtumwa, hata akiwa na nia ya kumwacha huru, anampa mfanyabiashara sababu ya kurudi bara kuteka mwingine. Mapadre walijibu kwamba mtoto mgonjwa aliyeachwa sokoni kwa bei ya kutupa hawezi kusubiri mpaka serikali zipatane, na jibu hilo lina uzito wake, ingawa halikuifuta hoja. Soko la Unguja lilifungwa mwaka 1873 kwa amri ya Sultani Barghash, aliyekuwa ameshinikizwa na Uingereza, na tangu hapo waliookolewa kutoka majahazini na manowari za Waingereza waliongezeka katika misheni kuliko walionunuliwa.

Kwa macho ya waungwana wa Pwani, dini yenye waumini wa namna hiyo ilikuwa dini ya watumwa, na maisha ya Kijiji cha Uhuru, yaani makazi ambayo misheni iliwajengea waliokombolewa, hayakuwaondolea mashaka hayo. Kengele iligawa siku kati ya sala, kazi ya shamba na mafundisho. Vijana waliofikia umri waliozwa wao kwa wao, wakapewa nyumba na kipande cha ardhi, na sehemu ya wiki wakafanya kazi katika mashamba ya misheni, ambako minazi na vanila vilistawi. Padre aliona katika utaratibu huo malezi ya familia ya Kikristo. Jirani Mwislamu, aliyeijua sheria ya Kishafii ambayo kwayo mtumwa haoi bila idhini ya bwana wake, aliona ndoa isiyo na wazazi, isiyo na mjomba wala posa, iliyopangwa na mtu yule yule aliyetoa fedha za ukombozi, na hakupata shida kulitambua jambo alilolizoea. Baadhi ya waliokombolewa nao waliona vivyo hivyo, wakanung'unika, na wengine wakaondoka kwenda kutafuta maisha mjini au bara. Mapadre waliandika habari zao kwa uchungu, kama watu waliosalitiwa, hali kuondoka ndiyo kazi ya kwanza ya mtu huru.

Mji huo huo ulitoa kielelezo kinacholiangaza shaka hili kutoka upande wa pili. Sheikh Yahya bin Abdallah, aliyejulikana kwa jina la Sheikh Ramiya, aliletwa Pwani akiwa mtumwa kutoka mashariki ya Kongo, akalelewa katika nyumba ya bwana wa Kiarabu, akasoma elimu ya dini, na mpaka alipofariki mwaka 1931 alikuwa kiongozi mkuu wa tarika ya Kadiria hapo Bagamoyo, tarika maana yake ikiwa ni udugu wa Waislamu wanaofuata njia moja ya zikri na malezi ya kiroho. Kwa hiyo watumwa walikuwapo pande zote mbili, na tofauti iliyoonekana ilikuwa katika cheo alichoweza kukifikia mtumwa ndani ya dini yake mpya. Kwa upande wa Kanisa, majaribio ya mwanzo ya kuwalea vijana wa Bagamoyo hadi upadre hayakufanikiwa, na mapadre wa kwanza wazalendo wa Tanganyika walipodaraja mwaka 1917 ilikuwa mbali, upande wa Bukoba, chini ya shirika jingine. Ilikuwa imepita karibu miaka hamsini tangu msalaba usimikwe ufukweni, na katika muda wote huo Mkatoliki wa Bagamoyo aliyeambiwa kwamba dini yake ni ya wazungu hakuwa na padre wa kwao wa kumwonyesha aliyemuuliza.

Hoja hiyo ya dini ya wazungu ilipata makali zaidi Wajerumani walipoanza kuitwaa Pwani mwaka 1888, Bushiri bin Salim akaongoza upinzani wa watu wa mwambao. Mwenendo wake kwa misheni unafaa kuangaliwa kwa karibu, kwa sababu alizipambanua. Misheni ya Wabenedikto ya Pugu, iliyofunguliwa mwaka huo huo na Wajerumani walioingia pamoja na utawala wa nchi yao, ilishambuliwa Januari 1889 na baadhi ya watawa wake wakauawa. Misheni ya Bagamoyo, iliyokuwapo miaka ishirini kabla ya bendera ya Ujerumani, haikuguswa. Maelfu ya watu waliokimbia mapigano walijihifadhi ndani ya eneo lake, na mapadre wake, hasa Etienne Baur, wakawa wapatanishi katika kuwakomboa mateka. Bushiri alikamatwa, akanyongwa Pangani Desemba 1889, na baada yake mapadre wa Bagamoyo nao waliishi chini ya dola la Kijerumani na kunufaika na ulinzi wake, kwa hiyo heshima waliyoipata kwa kukaa kando ya vita haikudumu bila doa.

Mashaka ya mafundisho yalikuwapo pia, na yalijikita katika Utatu Mtakatifu, yaani fundisho kwamba Mungu ni mmoja katika Nafsi tatu, Baba, Mwana na Roho Mtakatifu, jambo ambalo Mwislamu huliita shirki, kumshirikisha Mungu na kisicho Mungu. Kanisa hujibu kwamba halihesabu miungu mitatu, kwani Nafsi hizo zina umungu mmoja usiogawanyika, na kwamba neno Mwana halina maana ya uzazi wa mwili. Lakini kueleza hayo kwa lugha isiyokuwa na msamiati wa falsafa ya Kiyunani kulidai ujuzi wa lugha kwanza. Hapo ndipo kazi ya Padre Charles Sacleux, aliyefika mwaka 1879, inapopata thamani yake: alisikiliza lahaja za mwambao kwa miaka mingi, akatoa kamusi ya Kifaransa na Kiswahili mwaka 1891, sarufi mwaka 1909, na kamusi kubwa ya Kiswahili na Kifaransa kati ya 1939 na 1941, ambayo wataalamu wa lugha bado huirejea. Bikira Maria, kinyume cha inavyotarajiwa, hakuwa kikwazo kwa Waislamu wa Bagamoyo kama alivyokuja kuwa baadaye kwa Wakristo wasio Wakatoliki, kwa sababu Kurani ina sura nzima yenye jina lake, na ubikira wake hauna ubishi msikitini.

Ndani ya bara mambo yalibadilika. Mapema katika miaka ya 1880 Shirika la Roho Mtakatifu lilifungua misheni ya Mandera, karibu na mto Wami, na hapo mapadre waliwakuta Wakwere, Wadoe na Wazigua, ambao wengi wao hawakuwa na haja ya kujadili Utatu. Waliuliza habari za ndoa na wafu. Mwenye wake wengi aliyetaka ubatizo alitakiwa kubaki na mmoja, na katika jamii za Wakwere na Wazigua, ambako ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti juu ya watoto wa dada yake, sharti hilo liliziyumbisha koo kadhaa kwa mpigo: aliyeachwa alirudi kwao na wanawe, na deni la heshima likabaki. Swali la ni nani atakayemtunza lilikuwa swali la haki, na Kanisa lilichukua muda mrefu kulipa jibu la wazi, kwa kuwa ni sheria ya Kanisa ya mwaka 1983, katika kanuni ya 1148, inayomwagiza askofu ahakikishe kwamba mahitaji ya wake wanaoachwa yanatimizwa kwa mujibu wa haki na upendo. Useja wa mapadre, yaani kuishi bila kuoa kwa ajili ya utumishi, ulistaajabiwa pia, maana mtu mzima asiye na mtoto hakuhesabiwa kuwa mtu kamili. Kanisa lilieleza kwamba hiyo ni nidhamu ya Kanisa la Kilatini, iliyotiwa nguvu na Mtaguso wa Laterano wa 1139, wala si amri ya imani, na ndiyo maana Wakatoliki wa mapokeo ya Mashariki wana mapadre wenye ndoa.

Hoja nzito kuliko zote, hata hivyo, ilihusu tambiko, yaani sadaka na maombi yanayotolewa kwa mizimu ya wahenga ili mvua inyeshe au mgonjwa apone. Padre alilikataza, kisha Novemba 2 akaadhimisha Misa kwa ajili ya marehemu wote, na siku nyingine akawaomba watakatifu, ambao nao ni watu waliokufa. Jibu la Kanisa lina sehemu mbili. Misa ya marehemu humwomba Mungu awatakase walio toharani, hali ya utakaso wa roho kabla ya kuingia mbinguni, na kwa hiyo haiwaombi wafu wenyewe. Nao watakatifu huombwa watuombee, wala hawaabudiwi. Lakini mzee wa Kikwere angeweza kujibu kwamba wahenga wake nao hupeleka haja za ukoo kwa Mulungu, na kwa haki hoja yake haikuwa na pengo kubwa kama ilivyodhaniwa. Alexandre Le Roy, aliyewahi kufanya utume Bagamoyo kabla ya kuwa askofu Gabon, alitoa mwaka 1909 kitabu kilichotetea kwamba Waafrika walimjua Mungu mmoja kabla ya misheni, na mwaka 1984 Padre Charles Nyamiti, mwanateolojia wa Tanzania, alichapisha kitabu kinachomtafakari Kristo mwenyewe kama Mhenga. Swali lililoulizwa chini ya mti wa tambiko lilikuwa limepata kiti katika chuo kikuu.

Walioyabeba majibu haya kutoka kijiji hadi kijiji walikuwa makatekista, walimu wa dini wasio mapadre. Wengi wa mwanzo walitoka katika Kijiji cha Uhuru, na kwa kuwa padre alifika mara chache, maelezo yao ndiyo watu waliyoyasikia na kuyakumbuka.

Kuanzia miaka ya 1980 mashaka yalivaa sura nyingine. Chalinze, pale barabara ya Morogoro inapoachana na ile ya Segera na Tanga, ilikua kwa mabasi, malori na wauza mahindi ya kuchoma, na mahubiri ya mjini hayakukawia kupita njia hiyo. Wahubiri wa Kiislamu wa mihadhara, yaani mijadala ya hadhara ya kulinganisha dini, walitumia Biblia kuonyesha kwamba Yesu hakujiita Mungu; Walokole walihoji ubatizo wa watoto wachanga na sanamu; Wasabato walihoji Jumapili; na wengine walidai kwamba Wakatoliki wameongeza vitabu, kwa kuwa Biblia yao ina 73 na ya Waprotestanti ina 66. Kwa hoja kama hizo Kanisa lina majibu yaliyokwisha kuandaliwa: orodha ya vitabu 73 ilithibitishwa na Mtaguso wa Trento mwaka 1546, lakini vitabu hivyo vilikuwa vikisomwa kanisani tangu karne za mwanzo, na heshima ya picha takatifu ilitenganishwa na ibada ya Mungu pekee katika Mtaguso wa Pili wa Nikea mwaka 787. Waamini walianza kujifunza aya kwa aya katika Jumuiya Ndogo Ndogo, vikundi vya kaya jirani ambavyo maaskofu wa Afrika Mashariki waliviweka mbele katika miaka ya 1970. Kulikuwa na faida, kwani mlei alijua kwa mara ya kwanza kwa nini anaamini. Lakini mashindano ya aya yana hasara yake, kwa sababu mshindi huwa ni mwenye kumbukumbu na sauti, na maswali ya mke aliyeachwa au ya mhenga hayaletwi penye kipaza sauti.

Hayo huletwa ofisini kwa paroko, mara nyingi wakati wa posa, kwani katika vijiji vya Bagamoyo na Chalinze ni kawaida ukoo mmoja kuwa na Waislamu na Wakristo. Mkatoliki anayetaka kufunga ndoa na Mwislamu kanisani anahitaji ruhusa ya askofu, naye huahidi kufanya awezalo ili watoto wabatizwe, ilhali mwenzake hujulishwa ahadi hiyo bila kutakiwa kuahidi lolote. Machi 2025 Papa Fransisko aliunda Jimbo la Bagamoyo, lililomegwa kutoka Jimbo Kuu la Dar es Salaam na Jimbo la Morogoro, na maombi ya ruhusa hizo sasa hupelekwa katika mji ambao ndoa zake za kwanza za Kikatoliki zilipangwa na padre.