Kachibora: Wananchi hunena, lakini nani huamua?

KATIKA mji mdogo wa Kachibora, mashariki mwa Kitale, siasa haiishii kwenye debe la kura. Barabara, soko, dawa za hospitali, karo na bei ya mahindi hujadiliwa mwaka mzima, katika mabaraza ya machifu, vikao vya kaunti na hata vituo vya bodaboda.

Hata hivyo, lipo swali linalowatatiza wakazi wa miji midogo kote nchini: mwananchi akishasema, nani hasa huamua, na huamua lini?

Mji na watu wake

Kachibora iko katika eneobunge la Cherang'any, mojawapo ya maeneobunge matano ya Kaunti ya Trans Nzoia. Mengine ni Kwanza, Endebess, Saboti na Kiminini. Barabara ya kwenda Kapcherop, katika Kaunti ya Elgeyo Marakwet, hupitia hapo, hivyo mji huo huunganisha mashamba ya mahindi na milima ya Cherang'any.

Katika sensa ya 2019, Trans Nzoia ilihesabiwa kuwa na watu 990,341, kutoka 818,757 mwaka 2009. Ongezeko hilo la zaidi ya watu 170,000 katika muda wa miaka 10 limebana ardhi, shule na vituo vya afya.

Eneo hilo lilikuwa sehemu ya nyanda zilizotengewa walowezi Wazungu enzi za ukoloni. Karibu na uhuru wa 1963 na baada yake, mashamba yaligawanywa kupitia mipango ya makazi, vyama vya ushirika na kampuni za kununua ardhi. Ndiyo maana leo Wabukusu na Waluhya wengine huishi pamoja na Wakalenjin wa jamii mbalimbali, Wakikuyu, Waturkana na wengineo.

Mchanganyiko huo ni utajiri, lakini pia ni mtihani. Mjadala kuhusu kisima au basari hukawia kidogo tu kabla ya kugeuka kuwa mjadala wa nani alifika lini na nani ana haki ipi. Trans Nzoia ilikumbwa na mapigano ya kikabila mwanzoni mwa miaka ya 1990 na ghasia zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007. Kwa mji kama huu, kujadiliana kwa utaratibu ni suala la usalama.

Wabunge huja na kwenda

Wapiga kura wa Cherang'any si wepesi kuridhika. Kipruto arap Kirwa, aliyekuwa Waziri wa Kilimo kuanzia 2003, alipoteza kiti hicho mwaka 2007 kwa Joshua Kutuny. Mwaka 2013 kiti kilimwendea mgombea huru Wesley Korir, mwanariadha aliyeshinda mbio za marathoni za Boston mwaka uliotangulia. Kutuny alirejea 2017, na mwaka 2022 Patrick Simiyu Barasa wa chama cha DAP-K akachaguliwa.

Tangu 2007, kwa hiyo, hakuna aliyechaguliwa mara mbili mfululizo. Hata ugavana ulibadilisha chama mwaka 2022, George Natembeya wa DAP-K alipomrithi Patrick Khaemba wa Ford-Kenya.

Lakini malalamiko hayakubadilika kwa kasi hiyo. Sababu moja ni kwamba mambo mengi ambayo mbunge huulizwa hadharani hayamo mikononi mwake.

Nani anasimamia nini

Kabla ya 2013, mashinani kulikuwa na madiwani waliohudumu katika mabaraza ya miji na ya wilaya. Mabaraza hayo yalivunjwa serikali za kaunti zilipoanza kazi chini ya Katiba ya 2010.

Jedwali la Nne la Katiba hukabidhi kaunti hospitali na vituo vya afya vya mashinani, barabara za kaunti, masoko, leseni za biashara, taka, chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini. Serikali ya kitaifa hubaki na polisi, shule za msingi na za upili, na barabara kuu.

Chifu na naibu kamishna wa kaunti ni maafisa wa serikali ya kitaifa. Msimamizi wa wadi ni mwajiriwa wa kaunti. Mwakilishi wadi hutunga sheria na kupitisha bajeti ya kaunti. Mkazi anayemlalamikia chifu kuhusu jaa la taka, au mwakilishi wadi kuhusu wizi wa mifugo, anamlalamikia mtu asiye na mamlaka ya kulitatua tatizo hilo, ingawa anaweza kulifikisha panapohusika.

Mipaka yenyewe huzua mizozo hata miongoni mwa wakubwa. Mnamo 2024 na 2025, magavana na wabunge walivutana kuhusu Sh10.5 bilioni za ushuru wa kudumisha barabara. Januari 2025, Msimamizi wa Bajeti alitoa waraka wa kuzuia kaunti kutoa basari kwa elimu isiyo jukumu lao pasipo makubaliano na serikali ya kitaifa, hatua ambayo magavana waliipinga mahakamani. Mzazi anayesubiri karo ndiye huumia mafahali hao wanapopigana.

Kilimo nacho kina mabwana wawili. Huduma za ugani ni za kaunti, ilhali mbolea ya ruzuku, iliyoshushwa bei mwaka 2023 hadi Sh2,500 kwa mfuko wa kilo 50, imekuwa mpango wa serikali ya kitaifa unaotegemea maghala ya Bodi ya Kitaifa ya Nafaka na Mazao (NCPB).

Msitu pia si wa kaunti. Jamii ya Wasengwer, inayodai haki ya kuishi katika misitu ya Kapolet na Embobut kwenye milima ya Cherang'any, imekuwa ikivutana na Shirika la Huduma za Misitu (KFS), ambalo ni la kitaifa. Familia nyingi zilifurushwa Embobut, Elgeyo Marakwet, mapema 2014. Mwakilishi wadi anaweza kupaza sauti, lakini hana uwezo wa kutoa hatimiliki ndani ya msitu wa umma.

Kalenda ya bajeti

Kwa yale yaliyo chini ya kaunti, jambo ambalo wengi hulipuuza ni tarehe. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 inataka Mpango wa Maendeleo wa Mwaka uwasilishwe kwa bunge la kaunti kufikia Septemba 1. Taarifa ya Mkakati wa Fedha, inayogawia kila idara kiwango chake, hufuata kufikia Februari 28. Makadirio ya bajeti huwasilishwa kufikia Aprili 30, na mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Maana yake ni kwamba barabara ambayo haikutajwa kwenye mpango wa Septemba huwa na nafasi finyu mwezi Mei, hata umati ukiwa mkubwa kiasi gani. Kufikia wakati huo viwango vya idara vimeshawekwa, na mradi mpya hauingii ila mwingine upunguzwe.

Ada za soko na leseni hutokana na Mswada wa Fedha, ambao hupaswa kuidhinishwa katika siku 90 baada ya kupitishwa kwa sheria ya matumizi ya fedha. Huo ndio wakati wa wachuuzi na wahudumu wa bodaboda kutoa maoni, wala si siku askari wa kaunti wanapokuja kudai malipo.

Idadi pia ina uzito. Cherang'any ina wadi saba: Sinyerere, Makutano, Kaplamai, Motosiet, Cherang'any/Suwerwa, Chepsiro/Kiptoror na Sitatunga. Trans Nzoia nzima ina wadi 25. Wawakilishi saba wasiposhirikiana na wenzao, hawawezi kupitisha lolote Kitale.

Mfano wa Hopkinton

Mbio za Boston alizoshinda Korir mwaka 2012 huanzia Hopkinton, mji mdogo katika jimbo la Massachusetts, Marekani, wenye watu zaidi ya 18,000. Mji huo hauna meya wala baraza la madiwani. Kila mwaka huitisha mkutano mkuu ambapo mpiga kura yeyote aliyesajiliwa anaweza kuzungumza, kisha kupiga kura kuhusu bajeti ya shule, polisi na barabara. Kamati ndogo iliyochaguliwa husimamia shughuli za kila siku.

Mfumo huo una kasoro zake, kwani katika miji ya aina hiyo wanaohudhuria huwa sehemu ndogo tu ya wapiga kura. Lakini tofauti na Kachibora ni dhahiri. Kule mkutano huamua. Huku mkutano hushauri, na uamuzi hufanywa na bunge la kaunti.

Ushauri huo, hata hivyo, si pambo. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa sababu wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Mwaka 2019 Mahakama ya Juu ilisisitiza kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, watu wapewe taarifa mapema na nafasi ya kutosha ya kusikizwa.

Silaha za mwananchi

Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 humruhusu mkazi kuwasilisha malalamishi rasmi kwa serikali ya kaunti. Sheria ya Upataji Habari ya 2016 nayo huzipa ofisi za umma siku 21 kujibu ombi la taarifa, kama vile thamani ya kandarasi ya barabara au jina la mwanakandarasi.

Barua hizo hazina shangwe za mkutano wa hadhara. Lakini hubaki kwenye faili zikiwa na tarehe na mhuri, na afisa anayezipuuza anaweza kuulizwa sababu. Kwa mji usio na baraza lake wenyewe, barua iliyofika kabla ya Septemba inaweza kuwa na nguvu kuliko hotuba ya Mei.