Mbwa Anapoishiwa Nguvu Ghafla: Sababu na Hatua za Kuchukua

Mbwa aliyebweka usiku kucha anaweza kukutwa asubuhi hawezi hata kusimama. Miguu imelegea, pumzi zinakwenda mbio, na chakula hakitazami. Katika miji ya Jinja na Mbale, mashariki mwa Uganda, kama ilivyo kwingineko, ni rahisi mwenye mbwa kudhani kwamba jirani amemtilia sumu. Dhana hiyo huenda ikawa kweli, lakini kuanguka kwa ghafla si lazima kuwe na chanzo cha ghafla. Mara nyingi ugonjwa uliingia mwilini wiki moja hadi tatu kabla, siku alipoumwa na kupe.

Homa ya kupe

Kupe hueneza kijidudu kiitwacho Babesia, ambacho huingia ndani ya chembechembe nyekundu za damu na kuzipasua. Damu inapopungua, viungo hukosa hewa ya oksijeni na mbwa huanguka. Dalili zake ni homa kali, ufizi uliopauka au kugeuka manjano, na mkojo mweusi mfano wa kahawa. Aina iitwayo Babesia rossi, inayopatikana Afrika kusini mwa Sahara, ndiyo kali kuliko zote, na inaweza kumuua mbwa kwa muda mfupi asipotibiwa. Kupe hueneza pia bakteria aina ya Ehrlichia canis, anayesababisha udhaifu na kutokwa na damu puani.

Ndorobo

Busoga, eneo ulipo mji wa Jinja, linakumbuka malale. Mlipuko wa mwaka 1900 hadi 1920 uliua zaidi ya watu 200,000 huko na kwenye mwambao wa Ziwa Victoria. Mwaka 1903, David Bruce na wenzake walionyesha wakiwa Entebbe kwamba ndorobo ndiye mwenezaji, na baadaye Tororo, kusini mwa Mbale, ikawa makao ya taasisi ya Afrika Mashariki ya kuchunguza maradhi hayo. Mbwa naye huambukizwa vimelea vya jamii hiyo. Hukonda, huvimba uso, na macho yake huingia ukungu kabla ya nguvu kumwishia.

Sumu, joto na minyoo

Dawa za kuogeshea ng'ombe na za kunyunyizia mimea ni hatari kwa mbwa. Baadhi humfanya atokwe na mate mengi, atetemeke na kupata degedege. Nyingine, kama amitrazi, hupunguza mapigo ya moyo na kumfanya azubae. Kuumwa na nyoka huweza kuleta uvimbe au kupooza. Joto la mwili likipita nyuzi 41 kwa mbwa aliyefungwa juani, uhai wake umo hatarini. Kwa watoto wa mbwa, minyoo ya safura hunyonya damu hadi wakaanguka.

Tahadhari ya kichaa cha mbwa

Kichaa hakiji kwa ukali peke yake. Kipo kinachokuja kwa upole: taya hulegea, mate hudondoka, sauti hubadilika, kisha mwili hupooza. Mwenye mbwa anayedhani mfupa umekwama kooni, akatia mkono kinywani, anajihatarisha. Aliyeumwa au kuingiwa na mate kwenye jeraha aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kupata chanjo. Dalili zikishajitokeza kwa binadamu, karibu kila mgonjwa hufa.

La kufanya

Mbwa aliyeanguka awekwe kivulini na watoto waondolewe karibu. Ikiwa hakuna dalili ya kichaa, mdomo uinuliwe kwa uangalifu na ufizi ubonyezwe kwa kidole: rangi yake hurudi ndani ya sekunde mbili kwa mbwa mzima. Joto la kawaida la mbwa ni kati ya nyuzi 38 na 39.2. Aliyezidiwa na joto amwagiwe maji ya baridi na kupepewa. Asinyweshwe maziwa wala mafuta kwa nguvu, kwani huweza kuingia mapafuni.

Daktari wa mifugo aitwe mara moja, na aelezwe kama mbwa alikuwa na kupe, alichokula na lini alichanjwa. Tone la damu chini ya hadubini huweza kumwonyesha kimelea. Mwenye mbwa asimchome mwenyewe sindano iliyobaki zizini: dawa ya daiminazini hutibu homa ya kupe, lakini kipimo kikizidi kidogo tu huharibu ubongo wa mbwa.

Kinga ni nafuu kuliko tiba. Kupe huhitaji kunyonya kwa siku moja au mbili kabla ya kuingiza Babesia, hivyo kumkagua mbwa kila jioni masikioni, shingoni na katikati ya vidole huweza kuzuia ugonjwa huo. Chanjo ya kichaa kila mwaka humlinda mbwa, na kumlinda pia mtoto anayecheza naye uani.