Kibuyu cha Mganda na Kinanda cha Umeme

Ninyi mlio Peramiho huenda mmepata kuiona ngoma ya mganda, iliyoenea kando ya Ziwa Nyasa baada ya Vita ya 1914–1918. Wanaume hujipanga mistari kama askari, wakaimba ndani ya vibuyu. Kibuyu kina tundu lililozibwa kwa utando wa buibui. Mtu huingiza sauti yake ya kawaida. Mbona inatoka tarumbeta?

Jibu lilikawia. Mwaka 1822 Mfaransa Joseph Fourier alieleza kuwa wimbi linalojirudia, hata likiwa na pembe, laweza kujengwa kwa kujumlisha mawimbi laini. La msingi likitetema mara 100 kwa sekunde, mengine hutetema mara 200, 300, 400 na kuendelea. Hayo ya juu huitwa hamoniki. La msingi hutuambia sauti ni nene au nyembamba. Hamoniki, kila moja kwa nguvu yake, hutuambia ni sauti ya kitu gani. Jaribu sasa hivi: imba “a”, kisha “i”, bila kupanda wala kushuka. Kilichobadilika ni nguvu za hamoniki tu.

Mjerumani Hermann von Helmholtz hakutosheka na hesabu. Alichukua vyuma vyenye umbo la uma, akavitetemesha kwa umeme, akazichanganya sauti zake mpaka zikafanana na irabu. Kitabu chake kilitoka 1863.

Mwaka 1934 Laurens Hammond wa Chicago alipata hataza ya kinanda cha umeme. Ndani yake magurudumu ya chuma huzunguka karibu na sumaku, kila moja likizaa wimbi la umeme lililo karibu laini kabisa. Mpigaji ana vishikizo tisa vya kuvuta, naye hutia hamoniki kwa kipimo kama mpishi atiavyo chumvi. (Hamoniki ya saba haikuwekewa kishikizo.)

Utando wa buibui haupimi hivyo. Huvunja ulaini wa wimbi, na wimbi lililovunjika hujaa hamoniki. Redio ndogo ukiifungua kupita kiasi, vilele vya wimbi la umeme hukatwa, sauti ikakwaruza. Wapigaji wa gitaa la umeme hulikusudia jambo hilo. Kwa hiyo sikubali fundi wa kibuyu aitwe mwigaji wa tarumbeta tu. Ukikutana naye, mwombe auondoe utando, aimbe tena. Wimbo utakuwa ule ule, lakini tarumbeta hutaisikia.