Plastiki Inayooza, Lakini Ioze Wapi?

Mwezi Aprili 2024, Mamlaka ya Taifa ya Usimamizi wa Mazingira nchini Kenya, NEMA, ilizipa kaunti, kampuni za kuzoa taka na wananchi siku 90: taka za kuoza zisikusanywe tena katika mifuko ya kawaida ya plastiki, bali katika mifuko inayooza kwa asilimia 100. Agizo liliegemea Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022, inayotaka taka zitenganishwe tangu zinapozalishwa. Nia yake haina ubishi. Ila sehemu kubwa ya taka za Nairobi huishia Dandora, jaa lililotangazwa kuwa limejaa tangu 2001 na ambalo malori hayajaacha kuliendea. Huko ganda la ndizi, chupa ya maji na huo mfuko mpya hulala pamoja. Ninachokusudia kuonyesha ni kwamba faida ya plastiki hizi huamuliwa na mahali zinapopelekwa zikishatumika, na nchi zetu zimekuwa hodari zaidi wa kutunga sheria za mfuko kuliko za mahali hapo.

Kwanza tuondoe mkanganyiko unaowanufaisha wauzaji. Chanzo cha plastiki na hatima yake ni mambo mawili tofauti. Kampuni ya Braskem ya Brazili hutengeneza polithini kwa miwa, na polithini hiyo hudumu sawasawa na ile ya petroli. Plastiki iitwayo PBAT, kwa upande wake, kwa kawaida hutokana na petroli, lakini vijidudu huila. PLA, inayotumika sana katika vikombe na sahani, hutokana na sukari ya mahindi au miwa iliyochachushwa kuwa asidi ya laktiki. Anayesema kikombe chake kimetokana na mimea bado hajasema lolote kuhusu mwisho wake.

Na mwisho huo una masharti. Molekuli ndefu za PLA hukatwakatwa kwanza na maji, kisha ndipo vijidudu hupata cha kula, na ukataji huo hushika kasi pale joto linapokaribia nyuzi 60 za Selsiasi. Ndiyo sababu upimaji wa maabara wa kiwango cha Ulaya EN 13432 hufanywa kwenye nyuzi 58 hivi. Katika wiki 12 mfuko uwe umesambaratika kiasi kwamba vipande vinavyozidi milimita 2 havifiki asilimia 10 ya uzito wake. Katika miezi 6 angalau asilimia 90 ya kaboni yake iwe imegeuka kaboni dioksidi. Mto Athi hauna joto hilo, wala pwani ya Tanga, wala shimo la taka la uani. Hata Lodwar, kwa sifa yake yote ya jua kali, haifiki huko.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, walichapisha mwaka 2019 matokeo ya jaribio rahisi linalostahili kusomwa na kila mbunge. Waliiacha mifuko ya aina mbalimbali hewani, ardhini na baharini kwa miaka mitatu. Baada ya muda huo mfuko ulioandikwa kuwa unaoza, uliotoka ardhini au baharini, bado uliweza kubeba manunuzi ya dukani, sawa na ule wa kawaida. Mfuko uliotengenezwa kwa ajili ya mboji ulitoweka baharini ndani ya miezi mitatu, lakini ardhini bado ulionekana baada ya miezi 27, japo haukuweza tena kubeba kitu. Kwa maneno mengine, nembo iliyochapwa kwenye mfuko ilitabiri kidogo mno yatakayotokea.

Wabaya zaidi katika ukoo huu ni zile plastiki zinazoitwa okso. Hizi ni polithini ya kawaida iliyotiwa chumvi za metali, kama kobalti au manganizi, ili jua na joto viichakaze. Umoja wa Ulaya ulizipiga marufuku kupitia Maelekezo 2019/904, yaliyoanza kutumika Julai 2021. Kwetu hatari yake ni kubwa kuliko Ulaya, maana jua letu huzivunjavunja haraka zaidi. Mnunuzi huona mfuko umepotea, akaridhika. Kilichotokea ni kwamba mfuko mmoja umekuwa maelfu ya chembe ambazo hakuna mwokota taka atakayeziinama tena.

Je, basi plastiki zinazooza hazina faida? Zinayo, na Milano ndiko inakoonekana vizuri. Italia ilizuia mifuko ya dukani isiyooza mwaka 2011. Kuanzia Novemba 2012 hadi 2014, jiji la Milano likaeneza ukusanyaji wa mabaki ya chakula nyumba kwa nyumba: kila jikoni ndoo ndogo, ndani yake mfuko unaooza, na nje gari lenye ratiba. Mfuko huo kazi yake ni ndogo: unamwondolea mwenye nyumba kinyaa cha kugusa mabaki. Kilichofanya mpango ufaulu ni mfumo ulioutangulia mfuko. Sisi tumeanza na mfuko.

Jambo linalokera ni kwamba mfumo huo tungeweza kuumudu. Zaidi ya nusu ya taka za miji yetu ni taka za kuoza, na lundo la mboji linalogeuzwa na kunyeshewa vizuri hujipasha lenyewe hadi nyuzi 55 au 65, bila mtambo wa ghali. Kinondoni ina kiwanda cha mboji huko Mabwepande, kilichotokana na udugu wa Dar es Salaam na Hamburg. Taka za masoko ya Kariakoo, Mabibo au Marikiti ya Nairobi, zikifika kwenye lundo kama hilo katika mifuko iliyothibitishwa, zingerudi shambani. Zikifika jaani, mambo hugeuka: chini ya lundo lisilo na hewa, kile kinachooza hutoa methani, gesi ambayo kwa kipindi cha miaka 100 huipasha dunia joto takribani mara 28 kuliko kaboni dioksidi ya uzito uleule. Polithini ya zamani, kwa dhambi zake zote, ingekaa tu.

Kuna anayeumia mapema zaidi, naye ni mwokota chupa. Chupa ya PLA inafanana machoni na mkononi na ya PET, plastiki ya kawaida ya chupa za maji. Zote mbili huzama majini, kwa hiyo bwawa la kuchambulia, linalotenga polithini kwa kuelea, halisaidii. PLA kidogo tu ikiyeyuka pamoja na PET huiharibu rangi na uimara, na mnunuzi hukataa gunia zima. Riziki ya watu wasio na mkataba wala bima itakuwa imelipia usafi wa dhamiri ya mteja wa mkahawa.

Halafu lipo suala la msamaha wa kisheria. Tanzania ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki ya kubebea tarehe 1 Juni 2019, iliacha vifungashio vya bidhaa. Punde vifungashio hivyo vikawa ndivyo vya kubebea nyanya na mkate sokoni, hadi serikali ikalazimika kuvizuia kwa matumizi hayo mwaka 2021. Tukiisamehe plastiki inayooza kwa jumla, ofisa wa soko ataitofautishaje na ya kawaida? Filamu ya PBAT na ya polithini hazitofautishiki kwa macho. Ndiyo maana nasita kuunga mkono msamaha wowote wa mifuko ya dukani, ambako kikapu, kiondo na mfuko wa kitambaa vinatosha.

Ninakoona hoja yenye nguvu ni kitaluni. Kenya imejiwekea lengo la kupanda miti bilioni 15 ifikapo 2032, na miche mingi hukuzwa katika viriba vya polithini. Siku ya kupanda, kiriba hupasuliwa na kutupwa pembeni ya shimo. Kikiachwa, mizizi hujizungusha ndani yake na mti hudumaa. Hapa plastiki ina sababu ya kubaki ardhini, na kiwango sahihi ni kile cha udongo, si cha mboji: EN 17033, cha matandazo ya shambani, hudai kuoza kwa asilimia 90 ndani ya miaka miwili katika joto la kawaida. Ugumu ni kwamba kiriba hunyeshewa kila siku kwa miezi kadhaa kabla ya kupandwa, na unyevu huohuo ndio unaoanza kukiozesha. Kikiwahi, mche humwagika mkononi. Kikichelewa, hatujapata kitu. Jibu halitoki Ulaya. Taasisi za utafiti wa misitu za Tanzania na Kenya, TAFORI na KEFRI, zina vituo Lushoto na Kitui, penye udongo na mvua zisizofanana, na huko viriba vya aina tofauti vinaweza kupimwa msimu kwa msimu kabla wizara yoyote haijatia saini zabuni ya kuvinunua.