Feni Iliyolimeza Jina la Nahodha

Mwezi wa Julai mwaka jana tulianza kuwarekodi wazee wetu hapa Sib kwa ajili ya chama. Wa kwanza alikuwa bibi yangu, mzaliwa wa Unguja, aliyeondoka 1964 akiwa msichana, akakaa Dubai, kisha akaja Oman baada ya 1970 milango ilipofunguliwa kwa watu wa Zanzibar. Vifaa vyetu vilikuwa laptopu moja na maikrofoni iliyomo ndani yake. Tukazima kiyoyozi ili mvumo wake usiingie katika rekodi. Hapo ndipo tulipokosea.

Baada ya dakika kama kumi, laptopu ikaanza kuvuma. Bibi akaikatiza hadithi: "Mwanangu, hicho kidude chako kinakoroma." Tukacheka, tukaendelea. Usiku nilipoisikiliza rekodi, nikakuta kwamba pale hasa anapomtaja nahodha wa jahazi lililowachukua, feni iko juu kabisa. Jina limezama.

Kwanza nililaumu joto la Oman, na kweli lina sehemu yake. Kule Qurayyat, katika mkoa huu huu wa Muscat, tarehe 26 Juni 2018, kipimo hakikushuka chini ya digrii 42.6 usiku na mchana. Feni haitengenezi baridi. Inachofanya ni kusukuma hewa ya chumbani ipite kwenye chuma chenye moto, kwa hiyo chumba kikiwa na digrii 36, chuma hakiwezi kuwa chini ya 36 hata feni ivume namna gani. Watu wa pwani hii ya Batina walilielewa jambo hilo zamani, ndiyo maana nyumba zao za kiangazi zilijengwa kwa makuti ya mtende, upepo upenye wenyewe.

Lakini hali ya hewa haikueleza yote. Laptopu ile ilikuwa inarekodi sauti tu, kazi ndogo mno. Kwa nini ikimbie kama inapanda mlima? Jibu nililipata katika historia ya mashine zenyewe.

GRiD Compass ya 1982, mojawapo ya laptopu za mwanzo kabisa, haikuwa na feni. Ganda lake lilikuwa la magnesiamu, na joto lilitokea humo. Ilipochukuliwa na NASA kwenda angani ndipo ilipowekewa feni, kwa sababu mahali pasipo na uzito hewa ya moto haipandi juu, hubaki palepale ilipo. (Mimi kisa hiki nakipenda kuliko vingine vyote.)

Shida iliyowasumbua mainjinia wa miaka ya tisini haikuwa joto wala kelele, ilikuwa betri. Mwaka 1992 Intel na Microsoft walitoa utaratibu ulioitwa APM, wa kuilaza mashine isipotumika. Desemba 1996, pamoja na Toshiba, wakatoa ACPI, ambao mfumo wa kompyuta wenyewe ndio unaoamua nani apewe umeme na kiasi gani. Ndani ya ACPI mliwekwa swali ambalo bado limo katika laptopu zetu: joto likizidi, nini kitangulie? Feni iongezwe kasi, au prosesa ipunguzwe mwendo? Mashine nyingi huchagua feni, kwani mteja hupima kasi kabla ya kupima utulivu.

Mwaka 2000 ikaja SpeedStep ya Intel, iliyoshusha mwendo na volteji ya prosesa kwa pamoja. Faida yake ni kubwa kuliko mtu anavyodhani. Umeme unaotumika katika kazi hufuata mwendo, na tena hufuata volteji mara mbili. Punguza vyote viwili kwa asilimia 20, na matumizi hayo hubaki karibu nusu. Kuanzia 2008, hata hivyo, Intel ilileta Turbo Boost: prosesa ikiona ina nafasi, inaruka juu ya mwendo wake wa kawaida kwa muda. Mruko huo ndio uliokuwa ukiamsha feni yetu kila kitu kidogo kilipoanza kazi nyuma ya rekodi.

Aliyenionesha dawa ni binamu yangu wa Unguja. Kwao waliishi karibu mwezi mzima bila umeme 2008, njia ya umeme wa baharini kutoka Bara ilipoharibika, na tena karibu miezi mitatu kuanzia Desemba 2009. Nyumba yao imezoea kuhesabu chaji. Kwenye Windows, ndani ya mipangilio ya umeme, sehemu ya prosesa, yeye hushusha kiwango cha juu kutoka 100 hadi 99 ili betri idumu. Asilimia moja tu, lakini kwa mashine nyingi za Intel ndiyo inayozuia ule mruko. Kuna laptopu ambazo mstari huo umefichwa. Hizo zichagulie hali ya kuokoa umeme. Katika sehemu hiyo hiyo ya prosesa upo mstari wa upoozaji: nikachagua prosesa ipunguzwe kwanza, feni baadaye.

Hasara ipo. Kuhariri video kumekuwa kwa polepole, na siku ya kazi hiyo narudisha 100. Feni nayo haikunyamaza kabisa, ukivaa hedifoni unaisikia kwa mbali. Tumejifunza pia kukipoza chumba kwanza, ndipo tuzime kiyoyozi, na laptopu kuiweka juu ya meza badala ya zulia, maana matundu ya hewa yako chini yake.

Mwezi wa Oktoba nikarudi kwa bibi. Akasimulia saa nzima, na kila neno linasikika: bandari, mzigo wa nguo, mama yake akitapika njia nzima. Alipofika kwenye jahazi nikamuuliza jina la nahodha. Akatazama dirishani kwa muda mrefu, nao ukimya huo umo katika rekodi, safi kabisa.

"Limenitoka," akasema. "Si nilikwambia siku ile?"