Ufunguo na Vumbi: Swichi za Magari ya Kimarekani Nakuru

Swichi ya ufunguo ya gari ni vitu viwili katika chombo kimoja: mbele kufuli, nyuma swichi ya umeme. Ufunguo ukizungusha silinda ya kufuli, ncha za shaba zilizo nyuma yake hugusana na kupeleka umeme wa betri kwenye koili na stata. Ndani ya silinda hiyo mna vibamba vyembamba vya shaba, kila kimoja na springi yake. Meno ya ufunguo yakiwa sawa, vibamba vyote hujipanga na silinda huzunguka. Kimoja kikibaki juu, hata kwa sehemu ndogo ya milimita, silinda hukwama. Kwa hiyo kufuli haihitaji kuvunjika ndipo iharibike; inatosha ilike kidogo.

Katika Bonde la Ufa la kati kuna kitu cha kuila. Jina la Nakuru limetokana na Kimaasai na huhusishwa na vumbi. Mji umekaa juu ya majivu ya volkeno chini ya mlima Menengai, na kila Ziwa Nakuru lilipokauka, upepo ulipeperusha unga wa magadi kutoka ufukweni. Kariandusi, karibu na Gilgil, kuna machimbo ya diatomaiti, madini meupe laini ambayo viwandani hutumika pia kung'arishia vyuma. Vumbi la namna hii likichanganyika na oili ndani ya kufuli, hugeuka msasa, na kila ufunguo unapoingia na kutoka hupiga tupa vibamba na meno yake yenyewe.

Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, na mwaka 1904 mji ukawekewa mipaka rasmi. Walowezi waliochukua ardhi ya Njoro, Naivasha, Gilgil na Subukia walianza na magari ya kukokotwa na maksai, kisha yakaja ya injini. Gari la Kimarekani lilipendwa kwa sababu lilikuwa limeinuka juu ya mashimo na mafundi waliweza kulifungua kwa spana chache. Hata hivyo, Ford nyingi zilizofika Kenya hazikutoka Marekani moja kwa moja. Kampuni ya Ford ya Kanada ndiyo iliyopewa soko la makoloni ya Uingereza, na kiwanda chake cha Ontario kiliunda magari yenye usukani wa kulia. Mengi yalinunuliwa yakiwa chasisi na injini tu, yakajengewa nyuma bodi ya mbao iliyobeba mahindi, maziwa na watu.

Ford ya Modeli T, iliyoundwa kati ya mwaka 1908 na 1927, haikuwa na kufuli ya kumsumbua mwizi. Swichi yake ilikuwa kwenye dashibodi, na funguo za miaka yake ya mwisho zilikuwa za aina 24 tu, namba 51 hadi 74. Namba hiyo ilichapwa usoni mwa swichi, mahali ambapo mpita njia yeyote angeisoma. Injini nyingi ziliwashwa kwa hendeli, kwa hiyo ufunguo ulikuwa wa kuruhusu cheche tu. Swichi ya namna hii ililika polepole, na ilipolegea kabisa, kipande chochote cha bati kiliizungusha.

Modeli A iliyoifuata ilileta kinga ya kweli. Swichi yake iliunganishwa na distribyuta kwa waya uliovikwa bomba la chuma, ili mwizi asiweze kuukata na kuunga mwingine kwa urahisi. Kuanzia mwaka 1932 Ford za V8 zilifunga usukani pia. General Motors nayo, katikati ya miaka ya 1930, ilianza kutumia kufuli ya Briggs & Stratton yenye ufito wa pembeni: vibamba havizuii silinda vyenyewe, bali kila kimoja kina mkato, na mikato yote ikilingana, ufito hutumbukia ndani na silinda huachiliwa. Mwaka 1949 Chrysler iliunganisha ufunguo na stata, na tangu hapo mkono mmoja ukafanya kazi iliyokuwa ya mkono na mguu. Lakini faida hiyo iliongeza mzigo: silinda iliyokuwa ikizungushwa kwa upole sasa ilisukumwa kwa nguvu dhidi ya springi kila injini ilipowashwa.

Baada ya vita vya pili vya dunia, Uingereza na makoloni yake zilibana matumizi ya dola, na magari mapya ya Kimarekani yakawa adimu. Barabara zikajaa magari ya Kiingereza, kisha Peugeot kutoka Ufaransa. Chevrolet, Buick na Ford za zamani hazikutupwa. Zilizeeka zikiwa kazini. Uhuru ulipokaribia na mashamba ya walowezi kuanza kugawanywa kupitia mpango wa ekari milioni moja ulioanza mwaka 1962, magari yalibadilisha mikono pamoja na ardhi. Aliyepata gari mara nyingi alipewa ufunguo mmoja uliolika, bila namba na bila wa akiba. Wa pili ulichongwa kwa kuuiga huo, na wa tatu kwa kuuiga wa pili, kila nakala ikirithi ulikaji wa iliyotangulia.

Kazi ya kurekebisha swichi hizi ilipita mikononi mwa makundi mawili. Kwanza walikuwa mafundi wa Kihindi, wengi wao Makalasinga, ambao jamii zao zilikuja na reli na kubaki katika useremala, uhunzi na gereji. Joginder Singh, aliyezaliwa Kericho na kushinda mbio za Safari Rally mwaka 1965, 1974 na 1976, alitoka katika mila hiyo ya fundi anayeifahamu gari yake kwa mikono. Pili walikuwa madereva, matanboi na vijana wa spana wa Kiafrika waliojifunza kwa kutazama, kisha wakafungua vibanda vyao chini ya jua lililowapa jina la jua kali.

Njia yao ya kazi yaonekana vizuri katika Chevrolet ya miaka ya 1950. Fundi hukata waya wa betri kwanza. Huingiza ufunguo, huutikisa mpaka ushike, huuzungusha kushoto, kisha huchomeka waya mwembamba, mara nyingi spoki ya baiskeli iliyonolewa, katika tundu dogo usoni mwa kufuli. Waya hubonyeza kijipini cha ndani, na silinda hutoka mkononi. Huoshwa kwa petroli mpaka tope jeusi liishe. Ufunguo ukirudishwa, ulikaji huonekana kwa macho: mikato ya vibamba haiko kwenye mstari mmoja.

Hapo kuna njia mbili. Njia ndefu ni kuchonga ufunguo mpya kwa vipimo vya awali, kwa kufuata namba ya kufuli ikiwa bado yasomeka, na kubadilisha vibamba vilivyokwisha kwa vingine vilivyotolewa katika kufuli mbovu. Njia fupi ni kuifuatisha kufuli na ufunguo. Katika kufuli za kawaida, vibamba vinavyochomoza hupigwa tupa mpaka vilingane na silinda. Katika kufuli yenye ufito tupa haisaidii, kwa hiyo ufito wenyewe huondolewa. Gari huwaka siku hiyohiyo, lakini tangu hapo bisibisi nayo yatosha kuwa ufunguo. Ncha za nyuma zikiwa zimeungua, huwekwa kitufe cha stata chini ya dashibodi, na gari la mwaka 1955 likarudia desturi ya magari ya kabla ya vita. Mwisho hupakwa unga wa risasi ya penseli badala ya oili, kwa kuwa unga mkavu haunasi vumbi.

Kufuli ya usukani ilipoenea, kwanza katika magari ya Ulaya na kisha katika magari mapya ya General Motors ya mwaka 1969, njia fupi iligeuka hatari, kwani silinda iliyolegea ingeweza kuufunga usukani gari likiwa mwendoni. Siku hizi magari mengi ya Nakuru ni ya Kijapani, na mengi kati yake yana funguo zenye chipu zinazohitaji kompyuta. Magari ya zamani yamebaki na wakusanyaji, wanaoyapeleka kwenye mashindano ya unadhifu wa magari ya Concours d'Elegance jijini Nairobi. Kwao njia ndefu ndiyo inayotakiwa: silinda ileile ya awali, vibamba vipya, na ufunguo mmoja unaofungua gari moja tu.